Mlafi wa Utemini: mtungi wa kula nzi ulivyotaka kunigombanisha na shangazi

UKIMUULIZA mgeni anaijua Singida kwa lipi, atakutajia kuku wa kienyeji, alizeti na asali. Muulize mwenyeji sasa. Atakwambia upepo. Upepo wa Singida bwana hauna adabu, unaingia ndani bila hodi, unavua watu kofia, na ukianika shati lako Utemini usishangae kulifuata mtaa wa pili.

Mimi niliingia mjini hapo mwezi wa tisa, saa kumi na moja jioni, begi mgongoni na ndoo ya plastiki mkononi. Ndani ya ndoo kulikuwa na mmea. Nilikuwa nimeupakata kama mtoto mchanga tangu Dar es Salaam: treni ya SGR mpaka Dodoma, halafu basi la kupitia Bahi, Manyoni na Ikungi. Mzee niliyekaa naye siti moja aliuchungulia, akaona vitu kama vibuyu vyekundu vinaning'inia kwenye ncha za majani, akaniuliza taratibu.

"Mjukuu wangu, hicho ni kitu gani?"

"Mmea, babu. Unakula nzi."

Mzee akasogea dirishani. Mpaka tunashuka hakunisemesha tena.

Mpenzi msomaji, ningekuwa na akili ningeelewa pale pale kwamba nimebeba balaa. Lakini mimi nani? Mtoto wa mjini, kidato cha nne nimemaliza, ajira hakuna, naandikaandika huku na kule, na kichwani nina wazo ambalo nililiona la kitajiri. Kaa vizuri nikusimulie.

Utemini yenyewe

Utemini ni kata ndani ya manispaa ya Singida. Jina lenyewe linanukia utemi, yaani uchifu. Serikali ya Tanganyika iliufuta uchifu mwaka 1963, lakini jina limebaki na watu wake bado wanatembea kifua mbele. Mji uko juu, kama mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa mwezi wa sita na wa saba usiende bila sweta.

Kitu kitakachokushangaza kwanza ni mawe. Sio kokoto, mawe! Majabali ya itale yamekaa katikati ya mji kama vile kuna mtu aliyapanga, mengine makubwa kuliko nyumba. Watu hawahangaiki nayo, wanajenga pembeni, wanaanika mahindi juu yake, na vijana wanapanda kupunga upepo na kupiga soga. Halafu kuna maziwa mawili, Kindai na Singidani. Singidani maji yake ni ya chumvi, na ukibahatika utawakuta heroe wamesimama kwa mguu mmoja kama hawana haraka ya maisha.

Kumbuka hilo neno chumvi. Tutarudi kwake.

Shangazi yangu ana kibanda cha chakula hapo Utemini. Asubuhi supu na chapati, mchana ugali, wali, na yule kuku wa Singida ambaye ukimla huwezi tena kumtazama machoni kuku wa kizungu. Wateja wake ni madereva wa bodaboda, mafundi, walimu na wapita njia. Ugonjwa wa kibanda ulikuwa mmoja tu: nzi. Bwana afya alishapita mara mbili, na mara ya pili aliondoka na maneno mazito. Alisema akirudi akikuta nzi wanacheza kwenye nyama, kibanda kitafungwa. Shangazi alinipigia simu sauti inatetemeka. Kibanda hicho ndicho kilichonilipia ada ya sekondari, msomaji, kwa hiyo nilipoambiwa kinataka kufungwa nilijihisi nadaiwa.

Wiki hiyo hiyo nikapita kwenye bustani ya maua ya kando ya barabara pale Mikocheni, Dar, nikauona ule mmea. Muuzaji akanionyesha nzi aliyekufa ndani ya mtungi. Nikatoa elfu arobaini bila kuomba kupunguziwa. Nikajisemea, nampelekea shangazi dawa ya nzi isiyohitaji umeme wala sumu, na mwakani naiotesha vipande vipande nauza Singida nzima. Tajiri mtarajiwa huyo!

Ni mdudu gani huu?

Wataalamu wanaiita jamii yake Nepenthes. Wangu ulikuwa chotara, wauza maua wanamwita ventrata, na wazazi wake wote wawili asili yao ni Ufilipino. Lakini usidhani mambo haya yako mbali sana na kwetu. Madagaska wanazo aina mbili na Shelisheli wanayo moja. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Wafaransa huko Madagaska, aliuandika mmea huo kwenye kitabu chake mwaka 1658. Bara la Afrika halina Nepenthes ya asili, ila Tanzania tunayo mimea mingine midogo yenye tabia hiyo hiyo. Iko Drosera, ambayo majani yake yana vinywele vyenye ulimbo, mdudu akikanyaga kwisha habari yake. Iko na Utricularia, ambayo ina vifuko vidogo vinavyofyonza vijidudu kwenye maji na matope. Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya mimea inayokula wadudu mwaka 1875, kwa hiyo sio mambo ya kiganga, ni sayansi.

Kwa nini mmea ule nyama? Njaa, ndugu yangu. Inaota mahali ambapo udongo hauna kitu, mvua imefua mbolea yote ikaondoka nayo. Sasa badala ya kulalamika, inawinda. Ncha ya jani inarefuka kama uzi, mwisho wa uzi unavimba, unakuwa mtungi wenye mfuniko na maji ndani. Kwenye ukingo kuna utamu. Mdudu anafuata utamu, anateleza, anatumbukia, na kuta za ndani hazipandiki. Kule chini maji yana vimeng'enya kama vya tumboni kwako. Mmea unafyonza naitrojeni na fosforasi, magamba yanabaki.

Na jambo moja ambalo watu wengi wanalikosea: mfuniko haufungi. Hauli kwa kufumba mdomo kama kwenye sinema. Kazi yake kubwa ni kuzuia mvua isijaze mtungi.

Chuma ulete!

Basi nikauweka mmea mezani mbele ya kibanda, karibu na sahani, ili nzi waone cha moto. Mitungi mitano, mekundu, inang'aa. Siku ya kwanza watu walijaa kuangalia. Siku ya pili wakaanza kunong'ona. Siku ya tatu mama mmoja jirani akamwita shangazi pembeni.

"Wifi, watu wanasema hicho ni chuma ulete. Kinavuta hela za watu kutoka mifukoni."

Msomaji, unajua nguvu ya neno hilo. Siku ya nne shangazi alipika supu ya bakuli thelathini, akauza tisa. Nilimwona saa tano anafunika sufuria, hasemi kitu. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Na kibaya zaidi, mmea wenyewe ulikuwa haufanyi kazi! Nzi walikuwa wanatua kwenye ukingo, wanalamba utamu, wanajisafisha miguu, wanaruka kwenda kwenye chapati. Yaani nilikuwa nimewaletea nzi kibanda cha soda.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa baiolojia wa sekondari, mteja wa chapati mbili na chai ya rangi kila asubuhi. Yeye hakukimbia. Alikuja, akauinamia mmea, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mtungi.

"Mdogo wangu, huu umekauka," akasema. "Hapa hapatelezi mpaka palowane."

Nikaja kusoma baadaye nikakuta ni kweli kabisa. Ukingo wa mtungi una mifereji midogo sana inayoshika maji, na mdudu akikanyaga pale penye unyevu anateleza kama gari kwenye tope. Ukikauka, anatembea kama yuko barabara ya lami. Mwaka 2015 watafiti, akiwemo Ulrike Bauer wa Chuo Kikuu cha Bristol kule Uingereza, walionyesha kwamba huo ukavu una faida yake. Sisimizi mpelelezi anakuja mchana, anakula utamu, anarudi salama, anawaambia wenzake. Wanakuja kundi zima. Ukingo ukishalowa, wanaanguka wote. Umeona ujanja? Mtungi unamwachia mmoja ili upate ukoo.

Lakini hiyo ni kwenye misitu ya Asia ambako unyevu unarudi kila siku. Singida mwezi wa tisa unyevu utoke wapi? Upepo ulishakausha mitungi mitatu kati ya mitano ndani ya wiki moja.

Maji yaliyoniponza

Nikasema dawa ni maji. Nikaanza kuumwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni, mengi kweli kweli. Wiki ya tatu ncha za majani zikawa kahawia kama zimepigwa pasi. Nikafikiri ni vijidudu vya kwenye maji, nikaanza kuyachemsha kwanza. Ikazidi!

Mwalimu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akanifungua macho. Maji ya ardhini ya Singida yanajulikana kwa chumvi na floridi, na ndiyo sababu utakutana na watu waliokulia huku wenye meno ya rangi ya kahawia. Mmea huu umezoea maji ya mvua, hauna mahali pa kuweka madini yote hayo, yanajikusanya kwenye chungu na kuunguza mizizi. Na kuchemsha hakutoi chumvi. Maji yanaondoka kwa mvuke, chumvi inabaki pale pale, kwa hiyo mimi kila siku nilikuwa naukolezea sumu. Unamchemshia mgonjwa kinachomuua!

Mvua ya Singida inaanza Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa nne. Sisi tulikuwa mwezi wa kumi. Maji ya mvua yatoke wapi? Hapo ndipo nilipokuwa kituko cha Utemini. Nilikwenda kwenye duka lenye friza nikaomba barafu ile inayoganda kwenye kuta, maana hiyo inatokana na unyevu wa hewa, haina chumvi. Mwenye duka akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Barafu ya kukwangua? Unataka ya nini?" Nikamwambia ya mmea. Alinipa bure, nadhani kwa huruma.

Nikanunua na maji ya betri kwa fundi wa magari. Hapa uwe makini sana: yapo maji safi ya kuongezea betri, na ipo asidi ya betri. Chupa zinafanana. Ukikosea, mmea kwaheri, na mkono wako pia.

Udongo nao tukaubadilisha. Shangazi kwa mapenzi yake alikuwa ameweka kiganja cha samadi ya mbuzi. Kwenye mchicha ni sawa, lakini huku ni kuua. Tukachukua makumbi ya nazi yaliyosagwa, tukayaosha mara nyingi mpaka chumvi ya pwani ikaisha, tukachanganya na mchanga mnene na vipande vya mkaa. Chungu kikawekwa juu ya beseni la kokoto zenye maji, lakini kitako hakigusi maji. Tukauhamishia nyuma ya kibanda, kwenye ubavu wa jiwe kubwa upande usiopigwa na upepo, juu tukatandaza kipande cha chandarua kuukuu kupunguza jua.

Mbele ya kibanda pakawa wazi, wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Vijana wa bodaboda niliwaita siku moja nyuma ya jiwe. Nilikata mtungi mmoja uliokwisha kufa, nikaupasua kwa wembe mbele yao. Hela hakuna! Kulikuwa na magamba ya sisimizi, bawa la nzi, basi. Mmoja akasema, "Kumbe huyu naye anatafuta riziki tu kama sisi." Tangu siku hiyo neno chuma ulete sikulisikia tena.

Usiku wa kumbikumbi

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja mmea ulikuwa umetoa mitungi mipya minne. Nikautembelea kila asubuhi kama mkulima wa vitunguu. Kisha mvua ya kwanza ikapiga.

Aliyekulia Singida anajua maana yake. Ardhi ikishalowa, jioni kumbikumbi wanatoka. Sio kumi, sio mia. Hewa inakuwa nzito. Watoto wanakimbia na mabeseni ya maji chini ya taa, kina mama wanawasha jiko, na nusu saa baadaye mtaa mzima unanukia kumbikumbi wa kukaanga. Ni sikukuu isiyo na tarehe. Mimi mwenyewe nilikula bakuli mbili na ugali.

Sikuukumbuka mmea. Na taa ya nje ya kibanda ilikuwa inawaka juu yake kabisa.

Asubuhi nilikuta mitungi yote minne imejaa kumbikumbi mpaka shingoni, mabawa yametapakaa kama karatasi za harusi. Nikashangilia! Nikampigia mwalimu simu, nikamwambia mmea umekula mpaka umeshiba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Toa wengi haraka." Mimi nikaona ananionea wivu. Nikauacha ufaidi.

Siku ya tatu, harufu. Siku ya nne mitungi miwili ikawa myeusi kutoka chini kwenda juu, maji yamekuwa kama uji uliochacha. Na sasa sikiliza: nzi wote wa Utemini walihamia pale. Nzi waliokuwa kwenye shimo la taka, nzi wa chooni, nzi wa bucha, wote walikuja kwenye karamu, na wakitoka karamuni kituo cha pili ni sufuria ya shangazi.

Shangazi alitoka na mwiko mkononi.

"Baba, umeniletea dawa ya nzi au umewajengea ukumbi wa sherehe?"

"Shangazi nisamehe..."

"Bwana afya anakuja wiki hii. Huyo mlafi wako aondoke, au muondoke wote wawili."

Hakuna utani hapo msomaji. Usiku ule nilipanga begi.

Kumlisha kwa kipimo

Mwalimu alifika asubuhi na kibano cha nyusi. Hakunisema. Tulikaa nyuma ya jiwe tukatoa kumbikumbi mmoja mmoja, tukawafukia mbali. Miwili iliyokuwa myeusi tukaikata. Miwili iliyobaki tuliiachia kumbikumbi wawili kila mmoja, tukaongeza maji ya mvua kidogo kufikia kama robo.

"Mmea hauna mdomo wa kukwambia nimeshiba," akasema. "Kipimo lazima uwe nacho wewe."

Akanieleza kilichotokea. Mtungi unaweza kusaga kiasi fulani tu. Ukijazwa kupita uwezo, wadudu wanaoza kabla hawajasagwa, uozo unatoa amonia, na mtungi unaungua wenyewe kwa ndani. Iko aina moja ya huko Borneo, Nepenthes albomarginata, ambayo inawinda mchwa hasa, ina mkufu wa vinywele vyeupe chini ya mdomo ambao mchwa wanaupenda, na mtungi mmoja unaweza kukamata maelfu kwa usiku mmoja. Hiyo ndiyo kazi yake. Chotara wangu hakuumbwa kwa karamu ya namna ile.

Basi tukaweka taratibu, na nakupa na wewe, maana najua wako wasomaji ambao tayari wanawaza kuutafuta:

Mitungi midogo, mdudu mmoja au wawili kwa wiki mbili wanatosha. Na sio lazima mitungi yote ile, mmoja ukila jani lote na shina vinafaidi. Usitie nyama, samaki wala makombo ya chapati, vitaoza tu.

Msimu wa kumbikumbi, zima taa iliyo karibu na mmea na ufunike kwa chandarua kuanzia magharibi. Asubuhi unafunua.

Mtungi ukishapata vya kutosha, uzibe mdomo kwa pamba, usibane. Ukikauka kuanzia juu baada ya miezi kadhaa ni uzee, kata bila huruma. Ukiwa mweusi kuanzia chini, umevimbiwa.

Usimwage maji yaliyomo ndani kwa kudhani ni machafu. Hayo ndiyo tumbo lake.

Dawa ya kupuliza ya kuua wadudu usiilete karibu. Mdudu mwenye sumu akiingia mtungini, sumu imeingia jikoni kwake.

Na usipokee mmea wa kutoka nje ya nchi kwa njia za panya. Jamii yote ya Nepenthes imo kwenye orodha za mkataba wa CITES, na mimea kuingia nchini inahitaji kibali cha TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kaa upande wa sheria.

Kuhusu maji, hesabu ni rahisi. Bati la kibanda ni mita 3 kwa 4, yaani mita 12 za mraba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja ya milimita 20 inakupa lita 240, toa za kumwagika, pipa la lita 200 limejaa. Ukitumia lita moja kwa siku, ni siku 200, kiangazi chote cha Singida kimekwisha. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati, kinga ya pili. Na pipa lifunike, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Nyuki wa baba mdogo

Kesi ya mwisho ilitoka kwa baba mdogo, ambaye ana mizinga ya nyuki upande wa Manyoni. Alikuja kusalimia, akachungulia mtungi, akatoka na nyuki mmoja aliyekufa kwenye ncha ya kijiti. Akaniwekea mbele ya sahani yangu.

"Huyu alikuwa anakwenda kazini," akasema.

Singida nyuki sio mdudu wa kuchezea. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja Liti Kidanka, mwanamke shujaa aliyewapeleka puta Wajerumani kwa kutumia nyuki, na jina la Liti leo limepewa uwanja wa mpira wa mjini. Kwa hiyo nilikuwa na kesi ya kihistoria. Nilimwonyesha kwamba sisimizi walioliwa hawana hesabu, nyuki ni yeye mmoja, lakini baba mdogo hakutaka takwimu. Tukakubaliana: alizeti ikiwa na maua na nyuki ni wengi, mitungi yote inavaa pamba mchana. Akaridhika. Aliniachia na nusu chupa ya asali.

Bwana afya arudi

Sasa utaniuliza, nzi wa kibanda je? Hapa nitakwambia ukweli ambao muuzaji wa Mikocheni hakuniambia. Mmea mmoja wenye mitungi miwili haumalizi nzi wa mtaa. Hauwezi, hata ungekuwa na mitungi hamsini. Nzi anatoka kwenye uchafu, na kazi inaanzia huko.

Katika zile siku za aibu niliona wanapotoka, maana niliwafuata kwa macho kuanzia kwenye mitungi iliyooza mpaka kwenye shimo la taka, hatua kumi na tano nyuma ya jiko. Nilichimba jingine mbali, nikalifanyia mfuniko wa bati, la zamani nikalifukia. Tukamwaga majivu chooni kila jioni. Nikatengeneza kabati la wavu la kuwekea chapati na nyama. Jumla ya gharama ilikuwa chini ya bei ya mmea. Hapo ndipo nilipojicheka peke yangu.

Bwana afya alikuja siku ya Alhamisi, asubuhi, kibanda kimejaa. Alizunguka jikoni, akafunua kabati, akaenda nyuma kuangalia shimo. Shangazi alikuwa anakanda unga, lakini nilimwona mikono imesimama. Yule bwana akarudi, akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema, "Hapa sasa mmekuwa watu." Halafu akaagiza supu.

Alipomaliza akaona ule mmea kwa mbali, mtungi mmoja mpya umeanza kupata rangi.

"Na ule ni nini?"

Nilikuwa nafungua mdomo nijibu, shangazi akaniwahi.

"Ule ni mgeni wetu kutoka Dar," akasema, anasukuma chapati bila kuinua macho. "Alikuja na ulafi, lakini tumemfundisha kula."

Mpaka leo sijajua alikuwa anamsema mmea au ananisema mimi.

Mpenzi msomaji, ukipita Singida shuka Utemini, ulizia kibanda chenye jiwe kubwa nyuma. Kula kuku kwanza. Halafu omba uonyeshwe mlafi. Ukienda kwenye mvua za kwanza, beba beseni lako la kumbikumbi, na taa ya nyuma usiiwashe. Tukutane wiki ijayo.